Mwenyeji wa Ngoma

Barua ya vijana ilisomwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa baada ya ibada ya pili, wakati wengi wetu tumechoka na wengine wanatazama saa. Waliomba ukumbi wa kanisa jioni ya tarehe 26 Desemba, kuanzia saa kumi hadi saa tatu usiku, kwa ajili ya chakula, muziki na kucheza. Hawakuandika "tamasha la uimbaji" wala "jioni ya sifa", majina ambayo yangepita bila swali. Waliandika kucheza. Katika kanisa letu, lililozaliwa hapa Usukuma kwa kazi ya wamisionari wa Africa Inland Mission, neno hilo halikuwahi kufika mezani isipokuwa chini ya kichwa cha nidhamu.

Mzee mmoja aliuliza kama tumeishiwa na Injili hata tuanze kugawa muziki. Mwenyekiti wa akina mama akamjibu kwa upole kwamba Krismasi iliyopita alikwenda kumtafuta mjukuu wake usiku wa manane, akamkuta kwenye baa, na kwamba njiani alipita mbele ya ukumbi wetu ukiwa umefungwa kwa kufuli. Hapo kila mtu akaongea kwa wakati mmoja. Mwishowe, kama ilivyo desturi ya mabaraza, iliundwa kamati, na kwa kuwa nilifundisha historia kabla ya kustaafu, nikapewa kazi ya kueleza katazo letu lilitoka wapi na wenzetu waliotangulia walifanya nini. Makala hii imetokana na kazi hiyo.

Katazo lenyewe lilikuja na meli. Africa Inland Mission ilianzishwa Marekani mwaka 1895, ikaanzia Ukambani nchini Kenya, kisha mwaka 1909 ikapokea kituo cha Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, kutoka kwa wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Waliokuja walikuwa wamelelewa katika ulimwengu mmoja wa makanisa na vyuo vya Biblia vya Marekani, na chuo kilichotoa wengi wao kadiri miaka ilivyosonga ni Wheaton, kilichoko upande wa magharibi wa jiji la Chicago. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kijana wa Magu au Kwimba aliambiwa achague kati ya ngoma na Meza ya Bwana, hana budi kwanza kutazama Illinois.

Wheaton ilipata jina lake na mkuu wake wa kwanza mwaka 1860. Mkuu huyo, mchungaji Jonathan Blanchard, si mtu wa kudharau. Alipinga utumwa wakati ambapo kuupinga kulimletea mtu mawe na matusi, na chuo chake kiliwasaidia watumwa waliotoroka kutoka kusini. Kwa bidii hiyo hiyo alipinga pombe, vyama vya siri na dansi. Kwake yote yalikuwa vita moja: mtu aliyeokolewa asirudi kufungwa na bwana mwingine. Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1872 mkutano mkuu wa Kanisa la Methodisti la Marekani uliandika katika kitabu chake cha nidhamu orodha ya burudani zilizokatazwa. Ndani yake mlikuwa na michezo ya kuigiza, mbio za farasi, sarakasi, dansi, na hata shule za kufundishia dansi. Orodha kama hizo ndizo zilizofungwa ndani ya masanduku yaliyopakuliwa Mombasa.

Zamani nilidhani watu hao walichukia furaha tu. Niliposoma habari za kumbi za dansi za Chicago mwanzoni mwa karne ya 20, nilibadili mawazo kwa kiasi fulani. Jiji lile lilikuwa limejaa wasichana na wavulana waliotoka mashambani na nchi za mbali kufanya kazi viwandani. Siku nzima walisimama kwenye mashine, na jioni hawakuwa na mahali pa kukaa ila chumba cha kupanga. Waliowafungulia milango walikuwa wauza pombe. Ukumbi wa dansi uliunganishwa na baa, mara nyingi kwa mlango wa ndani. Louise de Koven Bowen, mama aliyeongoza chama cha kulinda watoto na vijana wa jiji hilo, aliwatuma watu wakachunguze kumbi hizo usiku baada ya usiku. Waligundua jambo dogo ambalo kwangu linaeleza yote: wimbo mmoja wa kucheza ulichukua dakika nne au tano, halafu mapumziko yakachukua robo saa au zaidi. Muziki ulikuwa chambo tu, na biashara yenyewe ilikuwa kwenye mapumziko.

Basi mhubiri aliyeona msichana wa miaka 16 akitolewa pale amelewa, akisindikizwa na mwanamume asiyemjua, akarudi madhabahuni akasema dansi ni mlango wa kuzimu, hakuwa anaota. Aliona kweli alichokiona. Kosa lake, kama naweza kumkosoa mtu aliyenitangulia, lilikuwa kumlaumu mpiga fidla na kumwacha mwenye ukumbi.

Katika jiji hilo hilo alikuwako mtu aliyelitazama kwa jicho lingine. Jane Addams alifungua mwaka 1889 nyumba iliyoitwa Hull House katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini, na mwaka 1909, mwaka ule ule ambao Nassa ilipokea wageni wake, alichapisha kitabu kuhusu vijana na mitaa ya jiji. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba jiji liliwachukua vijana kama mikono ya kazi, likasahau kwamba wana moyo unaotaka kucheka. Moyo huo likawaachia wafanyabiashara wauhudumie kwa faida. Yeye hakuishia kuandika. Katika Hull House vijana wa vikundi vya nyumba hiyo walicheza, na watu wazima walikuwako humo humo ukumbini, bila baa upande wa pili.

Mawazo ya mama huyo hayakupanda meli. Yaliyopanda ni ya Blanchard.

Na hapa kwetu yalikuta nini? Tuwe wakweli, kwa sababu vijana wa leo wanaoangalia ngoma za Kisukuma katika sherehe za kitaifa hawaoni upande wake wa pili. Wasukuma walikuwa na makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, yaliyotokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hayo hukutana uwanjani, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi kwake. Kwa ajili hiyo wengine hucheza na chatu hai, wengine na nungunungu, na kila upande ulitafuta dawa ya mvuto kutoka kwa mganga wake, pamoja na dawa ya kumdhoofisha mpinzani. Mtu aliyejiunga na ngoma alichanjwa na kuapishwa. Mmisionari aliyesema kwamba hiyo si burudani tupu alisema kweli. Lakini alipoondoa dawa aliondoa na ngoma, na pale uwanjani hakuweka kitu. Wimbo wa kitabuni, umesimama wima, mikono imetulia, haukutosha kujaza majira yote ya baada ya mavuno.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchezaji wa Bugobogobo, ile ngoma ya majembe iliyotokana na watu kulima kwa pamoja kwa mdundo. Alikuwa hodari wa kurusha jembe juu, kuzunguka na kulidaka bila kukosa mdundo. Alikuwa pia amebatizwa, na aliimba besi kwenye kwaya. Mwaka mmoja alionekana uwanjani. Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa kanisani, akaitwa apite mbele atubu. Nilikuwa nimekaa benchi la watoto, ninakumbuka viatu vyake vilivyokuwa na vumbi. Hakupita mbele. Alitoka nje, akachukua baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani, akaenda. Aliishi zaidi ya miaka 30 baada ya siku hiyo, akalea watoto wake vizuri, akanisomesha mimi. Kanisani alirudi mara moja tu, tulipomzika mama, na hata siku hiyo alisimama nje chini ya mwembe. Sisemi wazee wa usharika ule hawakuwa na sababu. Mganga wa kundi lake nilimjua. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemuuliza kaka yangu kama alichanjwa. Aliulizwa kama alicheza.

Turudi kidogo nyuma sana, maana katazo lina tabia moja ambayo ni ya zamani kuliko Marekani. Geneva, mwaka 1546, katika siku za Jean Calvin mwenyewe, dansi ilikatazwa kwa amri ya mji. Mwaka huo watu wa heshima walikusanyika kwenye sherehe ya harusi, na ngoma ikachezwa. Habari zilipofika barazani, waalikwa waliapa kwamba hapakuwa na dansi yoyote. Calvin alisisitiza ukweli usemwe, na uliposemwa ilionekana kwamba miongoni mwa waliocheza alikuwamo Amblard Corne, mmoja wa wakuu wanne wa mji na mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, baraza lile lile lililokuwa likiwahukumu wacheza dansi. Corne alikiri, akakemewa, akavumilia. Wengine walitiwa ndani. Kila ninapoisoma habari hii namhurumia Corne, lakini kinachonisumbua ni ule uongo. Watu waliokuwa wanyofu kwa mengine yote waliapa uongo mbele za Mungu kwa sababu ya hatua chache za muziki harusini.

Tabia hiyo ilionekana tena katika chuo kikuu cha Baylor, Texas, cha Wabaptisti, kilichoanzishwa mwaka 1845. Kwa miaka 151 hapakuruhusiwa dansi ndani ya eneo la chuo. Wanafunzi hawakuacha kucheza. Walikodi kumbi mjini, na ili wasitaje neno, mikusanyiko hiyo ikaitwa kwa jina la kuficha, kama mtu anayesema "shughuli" huku kila msikilizaji anajua ni shughuli gani. Wakuu wa chuo walijua, wazazi walijua. Kila mmoja alitunza heshima ya mwenzake kwa kutouliza. Matokeo yake, kwa zaidi ya karne moja, hatua moja ya kawaida ya ujana ilifanyika mahali ambapo mwalimu Mkristo hakuweza kuwapo, kwa kuwa angekuwapo angelazimika kuona.

Mwaka 1995 chuo hicho kilipata mkuu mpya, Robert Sloan, mchungaji wa Kibaptisti na msomi wa Agano Jipya. Miezi michache baadaye, Januari 1996, alitangaza kwamba katazo limeondolewa. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 18 Aprili, hadharani, katika barabara inayopita ndani ya chuo, na waandishi wa habari walijaa kana kwamba ni uchaguzi. Aliyefungua dansi ni mkuu mwenyewe na mkewe Sue. Nimefikiri sana kuhusu kitendo hicho. Angeweza kusaini ruhusa akakaa ofisini. Wengi wetu wenye madaraka hufanya hivyo, tunaruhusu jambo kisha tunajiweka mbali ili likiharibika tusihusike. Yeye alitoka na mke wake, mbele ya kamera, wakacheza kama watu wa umri wao. Aliyewahi kucheza mbele ya watu waliomzidi ujana anajua kwamba huo ni unyenyekevu wa aina yake.

Wheaton, mama wa wamisionari wetu, ilichukua muda zaidi. Katika miaka ya 1960 iliruhusu watu wake waende sinema. Miaka ya 1990 ikakubali kwamba mwanafunzi anaweza kucheza na ndugu zake au mwenzi wake kwenye shughuli ya familia kama harusi. Kisha mwaka 2003, baada ya kazi ndefu ya kuandika upya sheria zake, ikatoa agano jipya la maisha ya pamoja. Pombe kwa wanafunzi ilibaki marufuku. Dansi iliruhusiwa kwa sharti la kupendeza: ndani ya eneo la chuo, itakuwako tu ile ambayo chuo chenyewe kimeiandaa. Na popote walipo, ndani au nje, wajiepushe na burudani isiyo na staha, inayochochea tamaa au yenye kudhuru.

Sherehe ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2003, miaka 143 tangu chuo kianze kwa jina hilo. Walialika bendi ya kupiga swing, muziki wa dansi wa enzi za babu zao. Kwa kuwa wengi hawakujua kucheza mtindo huo, wiki zilizotangulia walifundishwa. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Chuo ambacho kanisa la jirani lilikuwa limekemea hata shule za dansi, kilifungua darasa la dansi. Vijana wa miaka 20 walijipanga mistari wakihesabu hatua, wakikanyagana, wakicheka. Waandaaji hawakungoja kuona vijana wataleta nini kutoka mitaani; walichagua muziki, wakafundisha hatua, wakawapa vijana kitu kigumu kidogo cha kujifunza pamoja. Kijana anayehesabu moja, mbili, tatu hana nafasi kubwa ya mawazo mengine.

Wapo waliosema siku hizo kwamba Wheaton imeanza kuteleza. Hoja yao haikuwa ya kijinga, na kwenye baraza letu pia ilisemwa: leo dansi, kesho nini? Ila tukisoma agano lenyewe tunaona kwamba chuo hakikulegeza yote. Kilitenganisha kati ya kitu na kitu. Hilo ndilo ambalo hatukufanya sisi na kaka yangu.

Lakini kabla hatujasema kwamba tunasubiri Marekani itufundishe tena, hatuna haja ya kuvuka bahari. Bujora ni safari fupi kutoka Mwanza mjini, pale Kisesa. Katika miaka ya 1950 alifika huko padre wa White Fathers kutoka Quebec, Kanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alijenga kanisa la mviringo linalofuata nyumba ya Kisukuma, ndani yake alama za utemi zikamzunguka Kristo kama Mtemi. Na badala ya kuwaambia waumini wake wakimbie uwanja wa ngoma, aliuleta uwanja kanisani. Sikukuu ya Ekaristi, kila mwaka karibu na Juni, baada ya maandamano ya kutandaza maua mbele ya Sakramenti, Bagika na Bagalu walikaribishwa washindane pale pale Bujora. Sherehe hiyo inaitwa Bulabo, yaani maua, na hadi leo huvuta umati kutoka kila upande wa Usukuma.

Sisi Waprotestanti tulilitazama jambo hilo kwa mashaka, na bado nina maswali. Je, dawa za mvuto zilibaki nje ya geti? Kibali cha padre hakimzuii mtu kuficha hirizi kiunoni. Hata hivyo kuna tofauti moja siwezi kuikwepa. Kijana Mkatoliki aliyecheza Bujora siku ya Bulabo aliweza kwenda kanisani Jumapili iliyofuata na padre akamsalimu kwa jina, labda akamtania kwamba upande wake ulishindwa. Kaka yangu, umbali wa saa chache kwa baiskeli, alikuwa chini ya mwembe.

Wakati nikiyaandika haya nilisoma tena Injili mbili ambazo nilizisoma maisha yangu yote bila kuziweka pamoja. Katika Marko 6 kuna sherehe, chakula na binti anayecheza, na mwisho wake ni kichwa cha Yohana Mbatizaji kwenye sinia. Katika Luka 15 kuna sherehe, ndama aliyenona, na yule ndugu mkubwa anaporudi kutoka shambani anasikia nyimbo na kile ambacho Biblia yetu ya Union inakiita machezo. Wahubiri wetu walitumia sana ile ya kwanza kuhusu dansi, na ya pili wakaitumia kuhusu toba tu, wakiruka hayo machezo. Sherehe ya Herode na ya baba wa mwana mpotevu zote zilikuwa na muziki. Mwenyeji wa moja alikuwa mtawala aliyelewa sifa za wageni wake, na mwenyeji wa nyingine alikuwa baba aliyekuwa akitazama njia. Tena ni baba huyo aliyetoka nje kumsihi aliyekataa kuingia, na Luka hatuambii kama aliingia.

Jambo la mwisho nililoliweka katika taarifa yangu halihusu Biblia wala Marekani, na lilinyamazisha baraza kuliko yote. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto walijazana katika ukumbi mmoja wa starehe mjini Tabora kwa ajili ya disko toto. Watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa katika msongamano. Walikuwa watoto wa sikukuu, waliovalishwa nguo mpya asubuhi na mama zao, wakapewa kiingilio mkononi. Tangu hapo polisi wa mikoa mbalimbali hupiga marufuku disko toto kila Idi na Krismasi inapokaribia, na kila mwaka watoto hutoka majumbani wakiwa na hela zao wakitafuta muziki unapolia. Niliposoma habari hizo nilikumbuka mapumziko ya robo saa ya Chicago. Mwenye ukumbi huhesabu viingilio. Kuhesabu watoto ni kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo siku ile hakuwepo.

Kijana mwenye miwani, katibu wao, aliitwa ajieleze. Alitusalimu shikamoo mmoja mmoja, watu 14, hadi mchungaji akamwambia yatosha. Yule mzee aliyeuliza kama tumeishiwa na Injili akamuuliza kwa nini wanataka ruhusa ya kucheza.

"Babu," alisema, "ruhusa ya kucheza hatuombi. Tunacheza. Tunaomba ukumbi, na tunaomba mje."

Hakuna aliyetarajia hilo neno la mwisho. Mimi nilifikiri tatizo letu ni kama tutawaruhusu, kumbe wao walikuwa wanatualika.

Kamati imeandika masharti yafuatayo, na nayataja kwa sababu sharika nyingine zimeniuliza. Hakuna kiingilio, ili asiwepo mtu mwenye faida ya kujaza ukumbi. Idadi itahesabiwa mlangoni na ikifika ukomo mlango utafungwa kwa anayeingia, si kwa anayetoka. Orodha ya nyimbo itaandaliwa na vijana na kusikilizwa pamoja na mchungaji wiki moja kabla. Wimbo wenye matusi utatolewa kwa kuelezwa sababu. Wazazi watakuwa ndani kwa zamu, wamekaa mezani wanakula kama wengine, si kusimama ukutani kama askari wa magereza. Akina mama watapika pilau. Bugobogobo itachezwa, majembe yatakuwa ya mbao, na mchezaji mmoja wa zamani, mtoto wa kaka yangu, amekubali kuwafundisha kuanzia Novemba. Tutamaliza saa mbili, si saa tatu, na watoto walio chini ya miaka 12 watapelekwa nyumbani kabla giza halijaingia.

Kuhusu wavulana na wasichana kucheza wawili wawili hatukuelewana. Kura zilikuwa sawa pande zote, mchungaji akaomba tuliache hadi mkutano ujao. Mimi nilipiga kura ya kukubali nikiwa na wasiwasi, na mke wangu ameniambia kwamba yeye angekataa bila wasiwasi.

Yule mzee bado anapinga, na jina lake limeandikwa kwenye kumbukumbu kama mwenye kupinga, kwa ombi lake mwenyewe. Lakini baada ya mkutano alinishika mkono tukazunguka nyuma ya ukumbi. Akanionyesha mlango wa pili, ule wa upande wa jikoni. Ufunguo wake ulipotea tangu mwaka juzi na hakuna aliyejali, kwa kuwa wakati wa ibada tunatumia mlango mmoja. Aliutikisa, haukufunguka.

"Hapa," aliniambia, "ndipo mtawaua watoto wa watu."

Fundi wa kufuli atakuja Jumatano. Mzee amesema atalipa yeye.